UZI: Kwa nini meseji ya msaada hunasa watu. Historia fupi kutoka Ferguson's Gulf hadi Kakuma

1/ Kila mjadala wa utapeli wa simu na mtandao ukizuka, hoja huwa mbili. Upande mmoja: "Wananchi wetu hawajasoma, wanabofya kila kitu." Upande wa pili: "Sheria zipo, serikali imelala tu." Zote zina ukweli kidogo. Lakini zote zinaruka swali moja: kwa nini uongo fulani unaaminika sana mahali fulani? Leo twende Turkana tukatafute jibu. Hakuna chama wala mheshimiwa atakayetajwa hapa, na ukileta jina la mtu kwenye majibu nitakupita tu.

2/ Kwanza tuelewane kuhusu wizi wenyewe. Mtu anakutumia barua pepe, meseji au linki akijifanya benki, shirika, ofisi ya serikali au kampuni ya simu, ili umpe nywila, PIN, namba ya kitambulisho au pesa. Kwa Kiingereza huitwa phishing. Jina hilo lilizuka Marekani katikati ya miaka ya 1990, vijana walipojifanya wafanyakazi wa AOL ili wateja wawape nywila zao. Walilitoa kwenye neno la kuvua samaki.

3/ Sasa ukiwauliza wavuvi wa Kalokol, pale Ferguson's Gulf, hawatakwambia samaki hunaswa kwa sababu ni mjinga. Hunaswa kwa sababu chambo kinafanana na chakula alichozoea kula. Shikilia hapo, maana ndiyo hoja yangu yote: tapeli hodari habuni kitu kipya. Anaiga njia ambayo msaada wa kweli hupitia. Kwa hiyo ukitaka kujua uongo utakaowanasa watu wa mahali fulani, angalia kwanza msaada wa kweli umewafikia vipi.

4/ Turkana, mambo makubwa yamekuwa yakitoka mbali. Enzi za ukoloni ilikuwa wilaya iliyofungwa, kuingia na kutoka kwa kibali. Njaa ya 1960 na 1961 ilipopiga, kambi za chakula zilifunguliwa, moja ikiwa Ferguson's Gulf. Waliopoteza mifugo waliandikwa, wakalishwa, na wengine wakafundishwa kuvua. Yaani hata maisha mapya ya uvuvi kwa wengi yalianza na jina kwenye orodha ya mtu mwingine.

5/ Kisha ukaja mradi wa Norway. Chama cha ushirika cha wavuvi kikasaidiwa, barabara ikajengwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kalokol ikapata kiwanda cha kugandisha samaki. Kiligandisha kwa muda mfupi tu. Umeme na maji safi ya kukiendesha viligharimu kuliko bei ya samaki wenyewe. Katikati ya muongo huo ghuba yenyewe ikakauka. Mwaka 1990 Kenya na Norway zikavunja uhusiano, na msaada ukakatika.

6/ Tusichanganye mambo hapa. Kiwanda kile hakikuwa utapeli. Kilikuwa mradi uliopangwa vibaya, na majengo yake yalionekana kwa macho. Lakini kilithibitisha somo ambalo watu walikuwa wamelijua tangu kambi za njaa: neema huja na uamuzi uliofanywa kwingine, kwa lugha nyingine, na wewe huna pa kuuliza. Ukizoea hivyo miaka 30, siku meseji ya "umechaguliwa" ikiingia kwa simu yako, haitakushangaza. Ndivyo mambo yamekuwa yakija.

7/ Twende kaskazini, Kakuma. Kambi ilifunguliwa 1992, wakati maelfu ya watoto na vijana waliokimbia vita vya Sudan walipovuka mpaka. Leo pamoja na makazi ya Kalobeyei, yaliyoanzishwa 2016, ina zaidi ya watu 200,000. Huko maisha ni orodha: orodha ya mgao, orodha ya mahojiano, orodha ya safari. Jina lako likitokea ubaoni, familia nzima inaweza kuhamia nchi nyingine. Lisipotokea, unangoja, na wapo waliongoja zaidi ya miaka 20.

8/ Sasa sikia hii, kwa sababu vijana wengi hawaijui. Mwaka 2001 ofisi ya UNHCR jijini Nairobi ilikumbwa na kashfa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa, uliotolewa mapema 2002, ulikuta mtandao wa watu, wakiwemo waliofanya kazi humo humo ndani, uliokuwa ukiwatoza wakimbizi maelfu ya dola ili wapate nafasi ya kuhamishiwa nchi za nje. Watu walikamatwa, utaratibu ukabadilishwa.

9/ Angalia mwaka: 2001. M-Pesa ilikuwa bado, ilikuja Machi 2007. WhatsApp ilikuwa bado. Lakini uongo wa "lipa kidogo jina lako lisonge mbele" ulikuwa tayari umeshapata miguu, kwa sababu kwa muda fulani ulikuwa na ukweli ndani yake. Tapeli wa leo anayemwandikia mtu wa Kakuma barua pepe yenye nembo ya bluu na kudai "ada ya faili" anaazima kumbukumbu hiyo. Ukimwambia huyo mtu "mbona unaamini upuuzi?" humtendei haki. Anakumbuka jambo lililotokea kweli.

10/ Mbinu ya kulipia neema isiyokuja ni ya zamani kuliko intaneti. Ulaya ya karne ya 19 kulikuwa na barua za "mfungwa wa Hispania": tajiri yuko gerezani, tuma pesa umtoe, utagawiwa hazina. Miaka ya 1980 zikaja barua na faksi kutoka Nigeria, zilizopewa jina la kifungu 419 cha sheria ya jinai ya nchi hiyo. Barua pepe ilipoingia ilipunguza gharama ya stempu tu. Kilichobadilika ni idadi: zamani barua mia, sasa laki kwa asubuhi moja.

11/ Na kwa wale wa "hawajasoma": kumbukeni upatu wa 2006 na 2007 hapa Kenya. Walioumizwa walikuwa walimu, wafanyakazi wa serikali, waumini wa makanisa ya mjini, watu wenye akaunti za benki na vyeti ukutani. Kikosi kazi cha serikali kilikadiria hasara ya takriban shilingi bilioni 8. Chambo chao kilifanana na chama cha akiba, kitu walichokizoea na kukiamini. Mwalimu wa Nairobi na mama wa Kakuma wamenaswa kwa kanuni ile ile, kila mmoja kwa chakula chake.

12/ Turudi Turkana tuone jinsi msaada ulivyohamia kwenye simu. Kuanzia 2009 mpango wa HSNP ulianza kulipa familia maskini za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Kwanza ilikuwa shilingi 2,150 kila miezi miwili, baadaye ikapanda hadi 5,400. Mama alikwenda kwa wakala wa Equity na kadi, akaweka kidole. Kulikuwa na shida zake: safari ndefu, mtandao kupotea, kidole kilichochakaa kwa kazi kukataa kusomeka. Lakini kidole hakiwezi kuombwa kwa simu.

13/ Mwaka 2015 ikaja Bamba Chakula kule Kakuma. WFP ikaanza kuweka sehemu ya mgao kama pesa ya kidijitali kwenye laini ya Safaricom, mtu ananunua chakula kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa. Ilileta heshima, mtu anachagua anachokula, na biashara sokoni ikachangamka. Ila sasa chakula cha familia kimelindwa na PIN ya tarakimu chache. Na PIN, tofauti na kidole, inaweza kuombwa kwa sauti tamu saa tatu usiku.

14/ Ongeza mambo mawili. La kwanza: kwa miaka mingi wakimbizi walipata taabu kusajili laini kwa hati zao, kwa hiyo wengi walitumia laini yenye jina la mtu mwingine. Ukiibiwa kwenye laini ambayo si yako kwa karatasi, utalalamika kama nani? La pili: mzee asiyesoma meseji humpa PIN mjukuu, jirani au mwenye duka amsaidie. Hapo hakuna ujinga. Mfumo umemtaka awe na siri huku ukimnyima njia ya kuitumia peke yake.

15/ Ndiyo maana nasema angalia majira. Utapeli huja na msimu kama samaki. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa wamemaliza hatua zote wakabaki kambini. Mwaka huo huo mgao wa chakula Kakuma ulipunguzwa na ukaanza kutolewa kwa makundi, wengine zaidi, wengine kidogo au hakuna. Watu walitaka habari kuliko chakula: niko kundi gani? Faili langu liko wapi? Ofisi ikinyamaza wiki moja, tapeli hujibu dakika moja.

16/ Sasa tuingie kwenye chambo chenyewe. Aina nne zinazozunguka sana kwa mazingira kama haya:

a) "Hongera, jina lako limepita, lipia faili / usafiri / kipimo cha afya."
b) "Kazi ya shirika Lodwar, jaza fomu, tuma pesa ya usajili."
c) "Msaada umesitishwa, jisajili upya kwa linki hii kabla ya saa sita usiku."
d) "Samahani, nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie." Hakuna pesa iliyoingia. Kuna meseji tu iliyoandikwa ifanane na ya M-Pesa.

Ukizitazama utaona kila moja ni kivuli cha utaratibu halali: mahojiano, ajira, usajili upya, kurudisha muamala.

17/ Je, utaitambuaje? Wengi hufundisha kutafuta makosa ya lugha. Hiyo imepitwa na wakati. Siku hizi programu za kompyuta huandika barua safi kuliko ya katibu, na nembo hunakiliwa kwa sekunde. Tazama anachokuomba ufanye. Dalili tatu zikikutana, simama: anakuharakisha, anataka siri (PIN, nywila, au ile namba ya uthibitisho iliyoingia kwa simu sasa hivi), na anataka ulipe ndipo upewe. Mashirika ya Umoja wa Mataifa hayatozi ada kwa kuajiri. Huduma za UNHCR, kuanzia usajili hadi kuhamishwa, ni bure. Hakuna "ada ndogo tu".

18/ Anwani nayo isome kwa makini. Barua ya UNHCR hutoka kwenye anwani inayoishia @unhcr.org. Jina la shirika likiwa mbele halafu nyuma kuna gmail, hiyo ni barua ya mtu binafsi. Kwenye linki, tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha soma maneno yaliyo kushoto kwake tu. Tovuti za serikali ya Kenya huishia go.ke, kama eCitizen na ya Kaunti ya Turkana. Neno "ecitizen" au "turkana" likiwa mwanzoni na mwisho wake ni kitu kingine, umetoka ofisini umeingia kibandani. Na usiingie kwenye akaunti yako kupitia linki uliyotumiwa. Andika anwani mwenyewe.

19/ Kanuni kubwa kuliko zote: usihakikishe habari kupitia mlango ule ule ilioingilia. Barua imekupa namba ya kupiga? Usiipige hiyo. Tumia namba uliyokuwa nayo kabla. Nenda ofisi ya shirika, uliza kwa chifu, uliza kiongozi wa bloku. Safaricom ikipigia wateja hutumia 0722 000 000, na haitakuuliza PIN. Mtu wa "nimekosea kutuma", mwambie: mtoa huduma atakurudishia. Angalia salio lako kwanza, usiangalie meseji.

20/ Ukiwa umeshanaswa, usijifiche kwa aibu. Dakika ni pesa. Meseji ya muamala uliotuma, ipeleke 456 kuomba irudishwe. Namba ya tapeli au meseji yake, ipeleke 333, ni bure. Badilisha PIN na nywila, na kama nywila ile ile uliitumia kwenye barua pepe, badilisha huko kwanza, kwa sababu mwenye barua pepe yako anaweza kufungua kila kitu. Simu ikipoteza mtandao ghafla bila sababu, huenda laini yako imehamishwa: nenda dukani kwao au piga kwa simu ya mwingine. Kisha polisi, upate namba ya OB. Ushahidi usiufute.

21/ Sasa siasa, mliokuwa mnangoja. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Kifungu cha 30 kinataja wizi huu waziwazi: faini isiyozidi shilingi 300,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Lakini ni nani amewahi kusikia kifungu cha 30 kikijadiliwa kwenye runinga? Mjadala wote umekuwa juu ya vifungu vya 22 na 23, vya habari za uongo. Mei 2018 Mahakama Kuu ilisimamisha vifungu 26, Februari 2020 ikavirudisha. Marekebisho ya 2025 nayo yakapelekwa mahakamani ndani ya siku chache.

22/ Wanaounga mkono sheria husema: bila meno, wakora watatumaliza. Wanaopinga husema: mnatumia kilio cha mama aliyeibiwa kufunga midomo ya wanaokosoa. Pima mwenyewe, lakini tumia kipimo kimoja: sheria inayotetewa kwa jina la mama aliyetapeliwa Kakuma ihesabiwe kwa kesi za mama huyo. Wangapi kama yeye walifungua kesi? Wangapi walirudishiwa pesa? Mtetezi asiye na majibu hayo, na mpinzani asiye na njia mbadala ya kumlinda, wote wanamtumia tu.

23/ Na vyama visijifanye watakatifu. Juni 2021 Wakenya wengi waliingia eCitizen wakakuta wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa bila ridhaa yao. Mamia walilalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Jiulize: majina na namba za vitambulisho vilipatikana wapi? Kila mahali tunapoandika namba ya kitambulisho, mlangoni kwa askari, kwenye kitabu cha wakala, kwenye orodha ya mkutano, ni bwawa ambalo yeyote anaweza kulivua. Aliyekusajili chamani bila kukuuliza na anayehamisha laini yako wanahitaji taarifa zile zile.

24/ Kuna mfano mzuri wa kusifu pia. Mwaka 2023 serikali ilielekeza malipo ya huduma zake yapitie namba moja, paybill 222222. Unaweza kuwa na maswali kuhusu uwazi wa hesabu zake, ni haki yako. Lakini kwa mwananchi mlango mmoja unaojulikana ni kinga: yeyote anayesema "tuma kwa namba hii ya afisa" amejianika. Msaada nao unahitaji mlango kama huo. Namba moja, tarehe inayotangazwa mapema, na tangazo kwa Kiturkana, Kiswahili, Kisomali, Kiarabu cha Juba na lugha nyingine za kambi.

25/ Kwa hiyo mgombea wa ngazi yoyote akija Lodwar, Kalokol, Kakuma au mtaani kwenu akiahidi "kupambana na matapeli", muulize haya:

– Basari, ajira na pesa za kaunti zitatangazwa wapi, ili mtu asiye na intaneti aweze kuhakikisha?
– Orodha ya kampeni yako ina namba za vitambulisho vyetu? Nani anaishika, na itafutwa lini?
– Nani atamsaidia asiyesoma kutumia PIN bila kuitaja kwa mtu?
– Mkimbizi na mwenyeji wote wataweza kusajili laini kwa jina lao?
– Kituo chetu cha polisi kina afisa anayejua kupokea kesi ya namna hii?

26/ Akijibu "tutahamasisha wananchi" tu, mrudishe kwenye swali. Uhamasisho ni mzuri, huu uzi ni uhamasisho. Lakini Turkana imehamasishwa tangu 1961. Kinachokosekana ni pa kuuliza na kujibiwa siku hiyo hiyo, kabla tapeli hajajibu.

27/ Uzi umeisha. Mtumie mama, mjomba, na yule binamu anayengoja jibu la kazi. Ambaye hasomi, msomee namba 17 hadi 20 kwa lugha ya nyumbani. Na kama kwenu kuna chambo kipya kinachozunguka, kiandike hapa chini bila kuweka namba wala jina la mtu, tusaidiane kukitambua.